Akiba ya Tumbo

Daktari Mwaluko ana kalamu ya zambarau.
Amenichora usoni mistari na vituo
kama mpima viwanja kule Nala:
hapa bikoni, hapa njia ya maji,
hapa pameliwa na mmomonyoko.
Kisha akabonyeza kando ya kitovu.
"Na hapa ndipo tutakapochota."

Nikacheka. Tumbo langu!
Hili nililolifunga kanga mbili miaka yote,
nikalivuta ndani kwa pumzi kila picha ya harusi,
nikalinyima chapati, nikalisimanga mbele ya kioo
(we mzigo, usiyelipa nauli!),
leo linaitwa kwa jina la heshima:
chanzo.

Mama Nyemo, jirani yangu wa kibanda pale Majengo,
aliniambia huku akikunja vitenge:
jino la pembe si dawa ya pengo.
Nikamjibu, la pembe ni la tembo, shoga.
Haya ni yangu. Niliyala mwenyewe,
nikayalipia mwenyewe,
kwa maandazi ya alfajiri, kwa nyama choma za Jumamosi,
kwa watoto watatu waliokuja, wakaondoka,
kila mmoja akaniachia kibaba chake.
Krimu nimepakwa za kila nchi,
nyingine kwa mgongo wa chupa.

Chumba ni baridi. Ganzi imekaa.
Sindano butu inasuguasugua chini ya ngozi;
maumivu siyasikii, nasikia sauti:
mtu anakwangua chungu gizani.
Katika bomba yanapanda, manjano,
manjano ya, ngoja,
ya unga wa yanga.

Hapo nikaikumbuka ile picha.
Daktari alikuwa ameniomba:
niletee ya ujanani, nijue narudi wapi.
Nilimpelekea ya kidato cha pili,
sare imenining'inia, shingo kama mchi,
mashavu mawili yamedidimia,
vihenge vilivyokombwa.
Mwaka ule mvua ilipita juu yetu ikaenda kwa watu.
Chilonwa nzima tulipanga foleni na debe,
mama akinisukuma mbele
ili mgawaji aone mifupa.

Aliitazama sana. Akaigeuza nyuma,
labda atakuta uso mwingine.
"Bi Sechelela, hapa sina pa kurudi."
"Basi usirudi, daktari," nikamwambia. "Nenda."

Akaenda. Tone kwa tone,
chini ya macho, kwenye mashavu, pembeni mwa mdomo.
Hayatashika yote, alinionya,
mengine mwili utayala tena.
Nikasema najua, mimi ni wa huku.
Unatia mbegu tano shimoni,
zikitoka mbili unashukuru.

Wiki mbili nililala chali, uso juu,
zabibu za Hombolo zimeiva chini ya macho yangu.
Ndahani alikuwa safarini, malori yake na Singida.
Aliporudi alinizunguka kama mtu aliyepoteza ufunguo.
"Umebadilisha kilemba?"
Nikasema ndiyo.

Mwezi wa tatu nilikwenda kumwona mama.
Mtoto wa jicho amemfunga kote,
siku hizi anatambua watu kwa vidole.
Akaanza kwenye kidevu, akapanda polepole,
vidole vikavu, vinanuka mlenda na moshi,
vikafika shavuni, vikasimama.
Vikabonyeza. Vikarudi vikabonyeza tena,
kama anapima embe asilotaka kuliumiza.

Nilikuwa nimetayarisha maelezo:
kwamba si dawa, si plastiki,
kwamba fedha ni zangu, za vitenge.
Hakuuliza.

"Umeshiba," alisema.

Nina miaka hamsini na tisa.
Neno hilo hakuwahi kuniambia.
"Nimeshiba, mama," nikamjibu,
na tumbo likaniuma kidogo,
pale palipochotwa.