Mzungu wa Nne

Maseno, saa mbili usiku. Tanuri linanguruma
kwa nyuzi mia tisa na hamsini,
na ndani ya kikombe cheupe kisichozidi ngumi ya mtoto
shaba inajifunza kupanga foleni.

Nimesaga tangu asubuhi: unga mweusi wa shaba,
unga mweupe wa strontiamu, mchi juu ya kinu,
mpaka rangi ikawa ya majivu ya jana
na kiwiko kikaanza kunisema.
Daktari Obiero alipita, akachungulia:
"Saga tena, Mideva. Atomi hazina haraka ya mshahara."

Mama akiniuliza ninapika nini, simtajii fuwele.
Namwambia: chora mraba. Shaba katikati,
oksijeni nne, kila moja kwenye pembe yake.
Mraba wa pili ushike wa kwanza kwa pembe moja,
wa tatu ushike wa pili,
uendelee, uzi mrefu, mwembamba,
ambamo kila shaba ina majirani wawili tu.
Na kila shaba ina kisumaku,
na kila kisumaku kina ubishi:
mwenzake akitazama juu, yeye chini.

Mama akacheka. "Hao ni nyinyi
mkilala mzungu wa nne."

Ndivyo. Saba, kitanda kimoja, kule Mbale.
Kichwa changu kwenye nyayo za Kegode,
nyayo zangu kwenye shavu la Asiligwa.
Mmoja akigeuka usiku, mgeuko ulisafiri
mtu hadi mtu mpaka ukutani,
na asubuhi hakuna aliyejua umeanzia kwa nani.
Baridi ya Julai haikututuliza.
Uzi nao, ukiwa peke yake, hautulii;
upoze utakavyo, mgeuko hautakosa pa kupita.

Ubavu kwa ubavu ingekuwa hadithi nyingine.
Miraba ikigusana mbavu, njia ya kupitia oksijeni
hukunjika, ikakaribia nyuzi tisini,
na wabishi wale wale huanza kuelekea upande mmoja.
Kumbe ubishi si tabia.
Ni pembe uliyokalishwa.

Saa tatu na robo, stima ikapotea.

Tanuri likashusha pumzi. Nikasimama gizani
nikihesabu nyuzi zinavyoporomoka, mia, mia nyingine,
na foleni yangu ingali nusu.
Kulipokucha tukaambiwa: transfoma ya kule Luanda
imepasuliwa tumbo, mafuta yamelowesha majani,
nyaya zote zimeng'olewa.
Kibuye hupimwa kwa kilo, haulizwi mtu.
Shaba imeibwa, shaba haikuiva.

Tulituma kidonge hicho hicho. Hakukuwa na unga mwingine.
Grafu ikarudi baada ya miezi minne:
nundu pana, laini, kama tulivyotarajia,
halafu, karibu kabisa na sifuri ya baridi yote,
mkia. Umeinuka kama wa paka aliyekanyagwa.

"Minyororo iliyokatika," akasema Obiero.
Kipande chenye idadi shufwa hakina neno,
kila mmoja amepata wa kubishana naye.
Chenye witiri hubakiza mmoja.
Huyo hana mpinzani, basi hana pa kujificha;
sumaku yoyote ikipita karibu, humgeukia.
Mkia wote ule ni wao.

Saba ni witiri.

Kegode alifika Jumapili, baada ya mwaka mzima,
viatu vipya, viganja vyeusi hadi kwenye mikunjo.
Alikula ugali wa watu wawili. Aliniuliza kazi inaendeleaje,
nikasema vizuri. Aliosha mikono mara mbili
na maji ya pili yalikuwa meusi kama ya kwanza.
Usiku alilala sebuleni, kwenye mkeka,
nami nikapita kwenda kufunga mlango
nikaona bado anaacha nafasi upande wa ukuta.

Jumatatu niliandika kwenye daftari la maabara:
sampuli ya tatu. Mkia mkubwa. Sababu: stima.
Jina sikuandika.