Athari Mbili za Usiku wa Jumatano

Mahakama ya Ibra, chumba cha pili. Kiyoyozi kinakohoa.
Mimi ni mkalimani: Kiarabu kiingie sikioni,
Kiswahili kitoke mdomoni, bila chumvi, bila sukari.

Mezani hati ya wakfu, wino umepauka kama kahawa iliyomwagika:
"Athari mbili za maji ya falaji, usiku wa Jumatano,
ni za shamba la msikiti, maadamu umesimama humo
mtende hata mmoja."

Mmoja ndio uliosimama. Dume.
Hauzai kitu, na kila wiki, saa nzima,
unakunywa peke yake kama mgeni wa heshima,
na ng'ambo ya ukuta midimu ya Bi Thuwaiba
inajikunja majani.

Wakili Marhun, kijana wa Maskati, kanzu haina kunyanzi,
alisema vizuri. Kwamba hati ni kiumbe hai, hukua na watu;
kwamba mweka wakfu, lau angefufuka, angeona haya.
Nilitafsiri huku moyo ukimpigia makofi.

Kadhi Muhanna akavua miwani.
"Angefufuka, ningemuuliza. Hakufufuka.
Aliyoniachia ni maneno, hakuniachia ndoto zake.
Nikimfumbua maiti mdomo leo kwa huruma,
kesho atakuja mwingine kumfumbua kwa tamaa,
na maiti atasema kila anachotakiwa.
Mlango wa kubadili upo: wenye falaji wakutane,
wahesabiane mikono. Mimi si mlango.
Mimi bawabu."

Bi Thuwaiba akanivuta mtandio. Kisiwa chetu kimoja,
yeye Chake, mimi Wete. "Mwanangu, kasemaje?
Nitilie maneno yenye maji."
Sikumtilia.

Nilimkasirikia kadhi njia nzima.
Usiku, nikiosha sufuria, likanijia sanduku la baba:
hati ya mikarafuu, muhuri mzima, herufi zote mahali pake.
Waliokuja siku ile hawakuichana,
hawakufuta hata nukta. Waliisoma upya tu,
kwa faida ya wote, walisema,
na kufikia magharibi mikarafuu ilikuwa ya watu wengine.
Baba akabaki kuikunja na kuikunjua ile karatasi
kama mtu anayetafuta kosa lake mwenyewe.

Sijui kama hilo linanywesha mdimu.

Jumatano nilipita. Jiwe limesogezwa, maji yanaingia,
yanauzunguka mtende ule bure, yanameta kwa taa ya msikiti.
Bi Thuwaiba kaegemea ukuta na daftari la shule,
majina ya wenye falaji, kalamu imefungwa kwa uzi.
Amepata mikono kumi na mmoja. Inatakiwa thelathini,
na wawili wako Dubai hawapokei simu.

"Yule kadhi," akaniuliza, macho kwenye maji,
"hawezi, au hataki?"

Lugha yetu inayo yote mawili,
na ulimi wangu ulijua uzito wa kila moja.
"Kasema hawezi," nikamjibu,
kwa kuwa ndivyo alivyosema.