Upande wa Kulia

Kitabu chake cha kwanza nilikiharibu mimi.
Kurasa arubaini nilizibana pini kushoto,
kama ninavyobana mitihani na katiba za vyama vya akina mama.
Mahgul akakigeuza, akakigeuza tena,
akasema kwa Kiswahili chake cha miezi saba:
"Nasambu, hapa naaga kabla sijafika."

Nikang'oa pini kwa kisu cha mkate.
Maandishi yake hubanwa kulia.
Akauliza: kulia huku, na kulia kule kwa machozi,
ni neno moja?
Nikasema ni mawili, yamefanana sura tu.
Hakuniamini.

Mchana hushona sare nyuma ya Soko la Wakulima,
kola mia kwa juma, sketi za buluu.
Kule Herat mlango wa chumba chao uliandikwa USHONAJI
na chini ya kila kitambaa palikuwa na daftari.
Mtoto alicheza uani. Akiona buti,
hupiga kelele kwamba kuku katoroka,
na sindano zote zikaanza kazi.
"Kule nilisingizia kushona.
Hapa nashona kweli. Mashairi ndiyo nayaiba
kati ya kola na kola."

Januari, vumbi lilipotushukia Nakuru nzima,
wenye maduka walifunga milango wakilaani.
Yeye alitoka akasimama kando ya mtaro.
Kwao upepo huvuma siku mia na ishirini,
na haujawahi kuombwa pasipoti.

Tukaanza mchezo, yeye neno, mimi neno.
Ketab. Kitabu.
Qalam. Kalamu.
Akachomoa nyuzi mkebeni: pamba? Pamba!
Tulipofika sarkar, serikali,
tukanyamaza kidogo, nikawasha jiko.
Beit, akasema, ni mistari miwili; kwa Waarabu, nyumba.
Ubeti, nikasema,
mimi niliyekariri beti tangu darasa la nne
bila kujua nimo ndani ya nyumba za watu.
Maneno haya yalihama kabla yake,
yakapata vitambulisho, yakazaa,
yakasahau.

Usiku mmoja umeme umepotea
nilijaribu kumfasiria moja, nikihesabu mizani kwa vidole:

    Ufunguo nimebeba, mlango sijui uko,
    Mfukoni ni msiba, wagonga kila nendako.

Akasikiliza. Vina vizuri, akasema,
lakini ufunguo wangu haugongi.
Umekaa kimya. Hiyo ndiyo shida yake.
Nimeuacha vilevile. Kosa ni langu.

Nakala thelathini ziko rafuni
kati ya kadi za harusi na fomu za ardhi.
Juzi mwuza viazi wa Molo aliyekuja kupiga picha ya pasi
alichukua moja, akaishika juu chini,
akapitisha kidole juu ya herufi, polepole,
kama mtu anayepima kitambaa.
Akalipa nusu; nusu nyingine Ijumaa.
"Kinaanzia wapi?" akauliza.
Mahgul alikuwa na pini mdomoni,
nikajibu mimi:
huku, mzee. Upande wa kulia.