Inazima, Subiri

Kioo kiliandika: Inazima, subiri.
Kikawa cheusi. Lakini feni inavuma,
na kale kataa ka kijani kamenikodolea macho.

Saa tatu usiku, stesheneri ya Kirumba.
Nimechomoa flashi ya mwalimu Kabula,
waya wa printa, kipanya.
Bado.
Ningeng'oa plagi, ila mitihani ya watoto wa watu imo humo.

Masalu fundi, kwenye simu, anatafuna kitu:
"Shikilia swichi. Hesabu kumi. Usiachie."
Nahesabu kwa Kisukuma, kama bibi akihesabu sato:
idatu, ine, itano…
kwenye mpungati, ikanyamaza.

Ndipo nasikia vilivyofunikwa na feni:
ziwa likiramba mawe ya Mwaloni,
na nyuma ya ukuta baba,
aliyeaga kulala saa moja,
bado anatembea.