Kifungo cha Tatu

Insha yangu ya kwanza ilianza hivi:
"Tangu enzi na dahari mwanadamu amekuwa akifanya kazi."
Mwalimu Raakel hakuifuta.
Pembeni, kwa penseli, aliweka neno moja:
Ulikuwepo?

Nilinuna wiki nzima.
Mimi, Pilvi, niliyesifiwa sekondari
kwa sentensi ndefu kama mabehewa ya magogo!

Tulikuwa wanane, ghorofa ya pili ya chuo.
Dirishani mto umeganda,
na ng'ambo yake bomba la kiwanda cha karatasi
linapumua juu ya Lapland.
Saa nane mchana giza limeshatua.
Oskari alituletea mbwa mwitu.
Kila Jumanne, mbwa mwitu,
naye hajapata kumwona ila kwenye kopo la bia.

Insha ya pili: "Ajali za viwandani ni tatizo sugu."
Raakel: Nani kaumia?
Nikamjibu, hakuna.
Nikavaa glavu zangu, nikatoka.

Kumbe nina baba.
Jouko, mashine namba nne.
Cha shahada na cha kati, mkono wa kulia,
vilikwenda na karatasi nikiwa darasa la pili.
Kwetu halisemwi. Kwetu maneno
hutiwa kama chumvi, kwa ncha ya kisu.

Rasimu ya tatu nikamwaga damu.
Damu juu ya weupe, king'ora, mama kapiga magoti.
Nililia nikiandika,
nikadhani chozi ni hoja.
Raakel aliisoma mbele yangu, kahawa yake ikipoa.
"Na hapa, ulikuwepo?"
Sikuwepo. Nilikuwa shuleni nachora kiatu.
"Basi wewe umeona nini?"

Basi la Ijumaa, kilomita arobaini za theluji.
Asubuhi nikakaa jikoni, nikanyamaza.
Baba anafunga shati:
gumba na cha pete, kama koleo,
ncha ya ulimi imechungulia.
Kifungo cha pili kikamgomea.
Hakuniita. Sikuinuka.
Redio ikataja baridi, nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri.
Kikaingia.

Nikaandika hilo.
Kurasa nne zikawa mbili,
mbili zikawa moja na robo.
Nilifuta "huzuni". Nilifuta "ghafla".
Nilimfuta ndege mwenye bawa lililovunjika,
niliyempenda kuliko binamu zangu wote.
Kati ya kifungo na kifungu ni irabu moja tu,
nami nimeivuka kwa miezi mitano.

Siku ya kusoma hakuna aliyepiga makofi.
Oskari alitazama mikono yake,
akaifungua, akaifunga.
Jumanne iliyofuata hakuja na mbwa mwitu,
alikuja na friji ya bibi yake,
inavyonguruma usiku tangu babu afariki,
na bibi anavyoijibu.
Tulicheka, halafu hatukucheka.

Alama yangu haikuwa ya juu.
Chini yake, penseli ileile:
Sentensi ya mwisho inajisifu. Iondoe.
Nikaiondoa, roho ikiniuma.
Siikumbuki sasa ilisemaje.

Aprili, barafu ya mto inapasuka kwa kishindo.
Nikampelekea baba.
Kwanza aliipapasa karatasi,
akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.
"Gramu themanini," akasema. "Si yetu."
Kisha akasoma, amesimama,
midomo ikitembea.
Alirudi juu, akaanza upya.
Nilihesabu vigae vya ukuta, nikavihesabu tena.

"Ni cha tatu," akasema.
"Nini?"
"Kifungo. Cha pili hakinisumbui."

Akaiweka mezani, akaenda kuwasha moto wa sauna.
Nikatafuta penseli.