Tanuri Halikuuliza

Saa kumi alfajiri, Kutaisi. Theluji ya Februari
imefunika mtaa hadi Mto Rioni.
Ghorofani Guram anakoroma, mkono wa kulia ndani ya plasta
tangu juzi alipoteleza kwenye ngazi za kanisa.
Chini, mbele ya tanuri,
amesimama Tsiala, mkewe, na daftari.

Ndiyo, daftari.
Miaka ishirini na mitatu ameshika hesabu za duka hili:
magunia, madeni, chumvi, kuni za mizabibu.
Anajua bei ya kila mkate uliowahi kutoka humu
na hajawahi kubandika hata mmoja.
Jana kutwa alimhoji mumewe kitandani.
Maji kiasi gani? Makaa yawe rangi gani?
Unajuaje kwamba ukuta uko tayari?
Guram akafikiri, akakuna plasta.
"Unajua tu," akasema.
Naye akaandika: Unajua tu.
Akapigia mstari.

Tanuri la huko ni mtungi wa udongo
uliozikwa hadi shingoni,
na mkate hubandikwa ukutani, ndani, chini,
wala hakuna njia ya kuufikisha
ila kutangulia kichwa,
tumbo juu ya ukingo,
visigino vikiaga sakafu.
Waliosema mtaka cha mvunguni sharti ainame
hawakusema kama mvunguni kuna moto.

Mkate wa kwanza uliangukia makaa.
Wa pili ukaufuata, kama mtoto anayemwandama dada yake.
Wa tatu aliutupa macho kayafumba:
ulishika, ukasitasita,
ukateleza.
Unyusi wake wa kushoto ukatoa harufu ya kuku anayebabuliwa.
Akakaa juu ya gunia. Akalia, si sana.
Halafu akaona donge la nne limevimba kwenye ubao,
linavuka mpaka wake, linataka kumwagika,
na unga ulioumuka haumngoji mtu
amalize kulia.

Wa nne. Wa tano.
Wa sita hakuwa na nafasi ya kuogopa,
maana kilemba kilikuwa kinamfunguka,
akawa anakishika kwa mkono mmoja
na kwa mwingine anapiga ukuta, pa!
kama anayemtoa mjukuu vumbi mgongoni.
Uligoma kuanguka.
Alibaki ameinama, anautazama,
mpaka joto likamkumbusha kwamba ana uso.

Saa kumi na mbili Nodar, dereva wa lori la taka,
akaweka sarafu dirishani, akapewa mkate.
Akaugeuza. Akaugeuza tena.
Mkate wa Guram una ncha mbili, mwembamba kama mwezi mchanga.
Huu ulifanana na soli ya kiatu.
"Umbo gani hili?"
"La mke wa Guram."
Akaumega papo hapo kwenye theluji,
mvuke ukampanda puani.
Akaongeza sarafu, akataka wa pili.

Mnauliza habari za ujasiri.
Haukuwepo.
Ulikuja saa tatu, macho yamevimba kwa usingizi,
kama mteja aliyezoea kuwekewa,
ukagonga dirisha, ukakuta rafu tupu
na mwanamke mwenye masizi hadi masikioni
akizoa majivu.
"Kesho," akauambia, "uwahi."

Adhuhuri Guram aliteremka ngazi, taratibu,
akaonja kipande kilichosalia.
Chumvi imezidi, akasema,
na akamaliza kipande.
Kisha, kwa sauti ya mtu anayeuliza kwa jirani:
"Ulijuaje kwamba ukuta uko tayari?"

"Sikujua. Nilibandika."

Akavuta daftari lililolowa, akatafuta ukurasa mkavu,
akaandika kwa mwandiko wake uleule wa karani:
Iliyouzwa: thelathini na minane.
Iliyoungua: kumi na mmoja.
Unyusi: mmoja.
Akajumlisha mara mbili, kama kawaida yake,
akafunga,
akaenda kuchekecha unga wa kesho.