Gari Dogo Halipimwi

Saa tano na dakika kumi na saba usiku.
Dirisha la jikoni limeganda barafu kwa ndani.
Mbele yangu skrini inauliza, kwa adabu:
Ungependa tuzitazame alama zako za mtihani?
Visanduku viwili. Ndiyo. La.
Saa sita kamili mlango unafungwa.

Elfu moja mia moja na themanini.
Nimeitamka mpaka imekuwa
kama jina la ndugu aliye kifungoni:
tunamtaja kwa sauti ndogo,
mgeni akibisha hodi tunabadili mazungumzo.

Chuo cha kuta za mawe kimetangaza
kwamba wengi kiliowapokea mwaka jana
walianzia elfu moja mia nne na tisini.
Walianzia!
Nimetoa hii kwenye ile
(hesabu ndiyo iliyoniangusha, lakini hii naiweza):
pengo ni mia tatu na kumi.
Nilizibe kwa nini?
Kwa insha yangu juu ya mizinga ya nyuki ya bibi?

Bi Vukelich, mshauri wetu,
wanafunzi mia nne na yeye mmoja,
alinisimamisha kati ya kengele mbili, mkate mdomoni:
"Shuleni hapa, Kaisa, hakuna aliyekupita.
Huku kwetu ni mlima. Kule ni kichuguu.
Ila msomaji mwenye macho
ataona kichuguu kimeota wapi."
Na asiye na macho? nikauliza.
Akatazama saa.

Binamu yangu Brita ananiambia acha patupu,
asiyeona haulizi.
Lakini kimya kina mshindo mkuu,
na wale wa kuta za mawe wana masikio;
huenda patupu pakawanong'oneza
namba ndogo kuliko yangu.
Mficha uchi hazai, sawa.
Ila aliyesema hivyo hakusema
umvulie kila apitaye.

Ningeweza kuwasimulia ile Jumamosi:
maili arobaini kwenye theluji,
ukumbi wa michezo wa shule ya watu,
bomba la joto likigonga kama mdai,
kijana wa pembeni akivuta kamasi tangu swali la kwanza.
Lakini yule wa kamasi alinipita.

Baba ameingia, ametia kahawa.
Miaka kumi na tisa anapima malori
kwenye kibanda cha barabara kuu,
magogo, vyuma, viazi.
Ameinama, ameisoma namba yangu, hakukunja uso.
"Mizani yangu haidanganyi," anasema,
"lakini haijui mtu kabeba nini.
Tani ishirini za magogo, tani ishirini za piano,
mshale unasimama palepale."
Na dereva asiyetaka kupimwa?
"Namrudisha. Na faini juu."
Akanywa kahawa, akafikiri.
"Isipokuwa gari dogo.
Gari dogo halipimwi. Linapita tu."

Sijui kama amenitukana
au amenifungulia njia.
Nadhani hata yeye hajui.
Amekwenda kulala, soksi zake zimeacha
unyevu wa nyayo mpaka chumbani.

Saa tano na dakika hamsini na moja.
Kwa chuo cha mjini, kinachogawa fedha kwa alama,
nimebonyeza Ndiyo, na mkono haukutetemeka.
Kwa kile cha kuta za mawe,
Ndiyo.
Nikafuta.
La.
Nikaenda kuosha kikombe kilichokuwa safi,
nikarudi. Bado La.
Nikaituma.

Sikuhisi wepesi. Nilihisi
kama niliyemwacha mtu kituoni
akanipungia mkono bila hasira.

Basi nikachukua penseli,
nikaenda kwenye mhimili wa mlango
ambapo baba aliweka alama za kimo changu:
miaka mitatu, mitano, tisa,
mwaka ule wa surua niliporefuka ghafla.
Nikasimama wima, kisigino ukutani,
nikapiga mstari juu ya kichwa,
na pembeni, kwa mwandiko wangu mbaya:
Kaisa, kumi na saba.
Elfu moja mia moja na themanini.